Milimita Ngapi, Bwana?

Shemeji yangu wa Ubelgiji hajalala wiki nzima: anunue nguo ya kuzamia ya milimita tano au saba? Neopreni, ananieleza, hunasa maji kidogo kwenye ngozi, mwili ukayapasha joto. Sharti ibane. Ikipwaya, maji baridi yanaingia na kutoka kama wageni wa matanga.

Nampa pole. Huku Salamabila, mashariki mwa Kongo, kijana anayeshuka shimoni alfajiri kutafuta dhahabu, maji kifuani, pampu ikikohoa juu, hana mateso hayo. Kule Shabunda, wazamiaji wa draga, mashine za kufyonza dhahabu mtoni Ulindi, walivuta hewa kwa mpira wa kompresa. Huyu wetu anavaa kaptula, unene mmoja tu, na tundu la hewa nyuma. Saizi? Ile aliyoachiwa na kaka yake.