Ombi la Kuandikwa Kazi ya Kumeza Dawa

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Afya, wa kaunti na wa taifa, na yeyote mwingine aliyekabidhiwa mhuri:

Salaam kutoka Gongoni. Huku hatujambo, au niseme hatujambo hadi kesho asubuhi, kwa kuwa uzima wetu ni wa saa 24 na hufanywa upya dirishani.

Dirisha mnalijua. Jana nilifika, nikatoa kadi, nikapewa kikombe cha methadone, nikanywa huku natazamwa, nikapewa maji nikanywa, kisha nikaambiwa nitaje jina langu kwa sauti ili ijulikane sikuficha dawa mdomoni. Nikalitaja. Ndilo lile nililolitaja juzi. Nina mvi, nina mkwe, na bado kila siku ya Mungu lazima nithibitishe mbele ya foleni nzima kwamba chini ya ulimi wangu hamna kitu. Anayenifuata foleni alianza na tramadol alizoandikiwa pikipiki ilipomvunja mguu. Zilipokwisha akaendelea kujinunulia dukani, hakuna aliyemuuliza jina. Zilipomshinda bei akahamia unga, yaani heroini. Cha kumtia shimoni alikipata bila kitambulisho. Cha kumtoa kinataka jina kwa sauti, kila asubuhi.

Simlaumu muuguzi, naye kaandikiwa kanuni. Wala dawa siibezi. Imenikatia arosto, imenirudisha kwenye sinia moja na watu wa nyumbani kwangu, na kete sijaitafuta tena. Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Shirika la Omari Project lilikuwa likihangaika na waraibu huko Malindi tangu 1995. Serikali ikaanza kuitoa dawa hii hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka 2015. Yaani tangu Malindi ianze kuhangaika hadi kikombe kufika, miaka 20. Vijana wa rika langu waliokufa humo katikati tuliwazika bila kutaja sababu, kwa kuwa mama zao walikuwa wanasikia. Nyinyi mlikuwa semina.

Niwieni radhi. Nilikuja kuomba kazi.

Waheshimiwa, naomba niandikwe kazi ya serikali. Cheo ninachokitaka ni Mmezaji wa Umma, Daraja la Tatu. Sifa ninazo. Nafika Jumapili, nafika Idd, Krismasi, siku ya uchaguzi na siku ya mafuriko. Nionyesheni afisa mmoja ofisini kwenu mwenye mahudhurio kama yangu. Koti langu halijawahi kunishikia zamu kitini huku mimi niko chai. Kazi yangu naifanya mbele ya shahidi na matokeo yake hupimika papo hapo: kikombe kitupu. Hata mfanyakazi hewa hapa hana nafasi, maana hewa haina ulimi wa kukaguliwa.

Kuhusu maslahi sitakuwa mgumu. Nauli ya Gongoni hadi Malindi na kurudi iitwe posho ya safari. Saa za foleni ziitwe kikao, na kikao, nyinyi mwajua kuliko mimi, kina marupurupu yake. Baada ya miaka mitano nipandishwe niwe Mmezaji Mkuu, nipewe kiti, na wamezaji wapya waniamkie shikamoo kabla ya kupanga mstari. Sare naomba iwe ya kaki, yenye mfuko mdogo wa kadi kifuani. Siku ya Wafanyakazi tupite uwanjani na bango letu, nyuma ya walimu na mbele ya makarani, na tukifika jukwaani kwenu tufungue vinywa kwa pamoja, tutoe ndimi, ndiyo iwe saluti yetu. Chama cha wafanyakazi tutaunda, ila msiingiwe na hofu: katika nchi hii ya migomo sisi tu ndio tusioweza kugoma. Siku ya kwanza tutatoka jasho, siku ya pili mifupa itatuuma na kamasi kututiririka, na siku ya tatu katibu mkuu wetu ataonekana maskani akiulizia kete.

Inabaki likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 kwa mwaka, zenye malipo. Mimi nikikosa siku tatu mfululizo, dozi yangu hupimwa upya na kuteremshwa. Sababu naijua: mwili husahau upesi, na kipimo ulichokizoea wiki iliyopita kinaweza kukuua wiki hii. Sibishani na elimu hiyo. Nabishana na aliyeamua kuwa dawa ya kutokosa ni kunifunga kamba isiyovuka Garsen.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake Faza, kule Lamu. Akenda. Maiti haisubiri, alikuta wameshazika, akakaa mpaka hitima akarudi. Wakamteremshia dozi. Usiku ule alijikunyata kwenye mkeka wake na msiba na arosto, vyote viwili, hajui kipi kinamliza. Akaambiwa ni kwa usalama wake. Ni kweli. Chupa tatu ndogo mfukoni zingekuwa pia kwa usalama wake, lakini huyo ni teja, na teja hapewi chupa. Mama ana mmoja tu, nanyi mmempangia namna ya kumzika.

Nishushe sauti.

Kila kikao cha ushauri nasaha mnatuhimiza tutafute kazi. Ahsanteni sana. Kazi za huku kwetu ni chumvi na bahari. Kwenye chumvi, zamu huanza mimi nikiwa bado foleni, na nyapara nilipomwomba ruhusa aliniuliza ni ugonjwa gani huo usiokosa hata Jumapili. Baharini watu wa Ngomeni hwenda dago, hulala huko huko siku kadhaa mpaka samaki watoshe. Nahodha gani atageuza mashua kila alfajiri ili mimi nikanywe kikombe?

Mtasema dawa ikibebwa itauzwa. Huenda mmoja akauza. Huko Marekani, zilikotoka fedha nyingi za huduma hii, walilegeza kamba mwaka 2020 wakati wa Korona, na 2024 wakalifanya jambo hilo kanuni ya kudumu: mgonjwa aliyepita mwezi wa kwanza wa matibabu anaweza kupewa dozi za hadi siku 28 akae nazo nyumbani. Ulimi wa Mmarekani huaminika siku 28; wangu hauaminiki hata kutoka dirishani hadi getini. Naambiwa ruhusa ya kubeba dozi hata kwetu ipo kwenye karatasi. Ipo kama mvua ya Ganze: hutangazwa. Halafu Januari 2025 rais wao akasimamisha misaada, wahudumu wa miradi wakaambiwa wakae nyumbani, nasi tukawa tunaulizana foleni kama kikombe cha Jumatatu kitakuwepo. Sisi hatukusimamishwa. Tulifika.

Maombi mengine ni madogo. Kivuli. Choo chenye mlango. Askari wa getini afundishwe neno "mgonjwa". Mto Tana uandikiwe barua usikate barabara wakati wa msiba, na wazee wa Lamu watoe notisi ya wiki mbili kabla ya kufa.

Kama nafasi ya Mmezaji haimo kwenye bajeti, sitakwenda mahakamani. Chupa mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili, zitanitosha kwa kuanzia. Majibu msitume kwa posta. Nileteeni mkononi, mnajua nitakuwa wapi kesho kuanzia saa moja asubuhi, na keshokutwa, na mtondo. Niiteni tu jina langu. Nimezoea kulitaja, nitaitika.

Wenu mtiifu,
Mmezaji (kibarua)
Nambari ya mshahara: inasubiriwa