Jani Limegeuka Manjano: Mwongozo wa Mganga Mpya wa Tangi la Samaki

Hongera. Umenunua tangi la lita 60, samaki wanne, mimea mitatu na taa inayomulika hadi kwa jirani. Wiki ya tatu umeinama kuwatupia samaki chakula, ukaona jani moja limegeuka manjano. Basi ufugaji umekwisha, uganga umeanza. Mwongozo huu utakusaidia kuimaliza mimea yako kwa utaratibu, na dhamiri safi.

Hatua ya 1: Usiulize ni jani gani

Manjano ni manjano. Wapo wasumbufu watakaotaka kujua kama jani lenyewe ni kongwe, la chini, au changa, la kileleni. Wapuuze, maana wanaloliuliza ndilo ufunguo wa kazi yote. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu husafiri ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzichota kwenye majani makongwe na kuyapelekea machanga, kama bibi anayejinyima ili wajukuu wale. Anayekonda kwanza ni bibi. Chuma na kalsiamu ni wakaidi: zilipokwisha kukaa hazihami kirahisi, kwa hiyo zikikosekana anayelia ni mtoto. Ukijua hilo, nusu ya watuhumiwa wanaachiwa huru kabla hujalowesha mkono, na uganga unakosa utamu.

Hatua ya 2: Usisogee karibu

Ukisogea utaanza kuona mambo. Jani kongwe limepauka lote, toka ncha hadi kikonyo: shuku naitrojeni. Jani kongwe lina vitundu kama vya sindano, kila kimoja kimezungukwa na ukingo wa manjano: shuku potasiamu. Jani changa limepauka lakini mishipa yake imebaki chanikiwiti, kama mito iliyochorwa kwenye ramani: shuku chuma. Jani changa limezaliwa limejikunja: shuku kalsiamu.

Na jani likionekana la kahawia, tafadhali usilipanguse kwa kidole. Ukilipangusa, ule ukahawia unaweza kutoka wote kama vumbi la mezani, ukabaki na jani zima la kijani. Huo ni mwani wa kahawia, mgeni wa kawaida wa tangi jipya, na mara nyingi huondoka bila kufukuzwa. Pia usisome jina la mmea ulionunua. Cryptocoryne wendtii ina aina ambazo ni za kahawia toka kuzaliwa. Kumtibu mtu rangi yake ndiyo kilele cha uganga.

Hatua ya 3: Mkamate konokono

Hapa nazungumza kama mzoefu. Anubias yangu ilitoboka jani, na juu ya tundu nilimkuta konokono, mdomo kazini. Ushahidi gani tena? Nilimhukumu, nikamtia kwenye ndoo ya peke yake. Vitundu vikaendelea kuongezeka bila yeye. Ndipo nilipochukua miwani na kuona ule ukingo wa manjano kuzunguka kila tundu. Konokono wengi wa matangini hupenda zaidi kilichokwisha kufa. Alikuwa amefika kwenye jani langu kama wale wanaofika msibani kwa kunusa pilau: alikula, ndiyo, lakini hakuua.

Hatua ya 4: Mwaga kila kitu, siku moja

Hujui kilichopungua? Tia chuma, potasiamu na dawa ya mwani kwa mpigo. Mambo yakiwa mazuri hutajua kilichosaidia. Yakiwa mabaya hutajua kilichodhuru. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza, katika karne ya 19, kanuni kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, hata vingine vikizidi. Yaani sufuria isiyo na maji haitatoa ugali kwa kuongezewa unga. Wewe ongeza unga.

Ukitaka kumaliza na samaki pia, chukua lile salio la urea ya kukuzia mahindi, utie kijiko. Ndani ya maji urea hugeuka amonia, na amonia huchoma matamvua ya samaki. Mwani peke yake ndio utakaokushukuru. Kisha acha taa iwake mchana kutwa na nusu ya usiku, badala ya saa 6 hadi 8 zinazotosha tangi kama lako.

Hatua ya 5: Hamisha hamisha

Mmea hauna furaha pale? Ung'oe, upande kule. Cryptocoryne ikihamishwa inaweza kuyeyusha majani yake yote kwa siku chache kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ukiiona hivyo, itupe haraka, kabla mizizi haijapata nafasi ya kuchipua tena. Mimea mingi ya dukani hukuzwa majani yakiwa hewani, kwa hiyo majani hayo kufa yakizamishwa ni jambo la kawaida. Machanga ndiyo hujifunza kuogelea. Anubias nayo, hili shina lake nene linalotambaa, lizike kabisa ndani ya changarawe. Litaoza, kisha majani yatapanda juu moja moja. Ukiona vyaelea, vimezikwa vibaya.

Usisahau kununua ule "mwanzi wa bahati". Si mwanzi, ni Dracaena sanderiana, mzaliwa wa misitu ya Afrika ya Kati. Mizizi yake hufurahia maji, lakini ukiuzamisha mpaka kichwani utageuka manjano taratibu, na hakuna chupa ya mbolea itakayoukoa na kuzama.

Hatua ya 6: Lingojee jani lilelile lipone

Kila asubuhi simama mbele ya kioo ulitazame jani lililotoboka. Lisipojiziba baada ya siku tatu, rudi Hatua ya 4. Asije mtu akakuambia kwamba tundu la jani halizibi kamwe, kwamba habari ya leo huandikwa kwenye jani lijalo, na kwamba anubias huenda ikachukua wiki kadhaa kulileta.

Mimi niliambiwa, nikachelewa kusikia. Nilitia potasiamu peke yake, nikangoja. Majani yaliyofuata yalitoka mazima. Lile la zamani bado lipo, na vitundu vyake vyote. Yule konokono nilimrudisha tangini, na jioni hulipitia polepole, akiwa na njaa yake ileile. Namwona, nami hujifanya natafuta kopo la chakula.