Bondeni Hatunywi

Bondeni hatunywi. Muulize yeyote barazani, atakwambia ulevi ni wa ng'ambo: Likoni ukishavuka feri, Kisauni ukishavuka daraja. Kwetu ni kahawa chungu na haluwa, basi.

Ila tunavyoujua mnazi sisi tusiounywa! Mtu hajapata kuutia mdomoni, wallahi, lakini atakueleza kuwa mgema hupanda alfajiri na jioni, hulichanja karara kwa kotama, akatundika kibuyu; tembo la asubuhi tamu, likikaa mpaka alasiri limeshakuwa kali. Umri wa tembo ataujua kwa harufu tu. Yote hayo, eti, kayasikia.

Na jikoni je? Likichacha likawa siki, linaingia kwenye achari, bismillahi, nasi twalamba vidole. Mkate wa bibi zetu, kabla ya hamira ya pakiti, uliumuka kwa nini? Kuna mtoto alitumwa na chupa, na hakuna aliyemuuliza alikopita. Mtoto huyohuyo ndiye leo mzee anayekemea vijana, tena kwa methali ya mgema akisifiwa.

Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya vileo, baa zikaamriwa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi. Bondeni haikutuhusu. Hata hivyo barazani saa hizo walizihifadhi kwa siku moja, na tangu hapo ikikaribia kumi na moja, wako waungwana wanaokumbuka ghafla kuwa wana mgonjwa wa kumtazama Likoni.