Taabu za Kutazama Ndege Kinamasini

Ardhi oevu, yaani eneo ambalo maji hutuama juu ya udongo kwa sehemu kubwa ya mwaka, humpa ndege chakula na maficho tele, na kwa sababu hizohizo humnyima mtazamaji karibu kila alichokijia. Kanuni hii hudhihirika vizuri Minsmere, hifadhi iliyoko pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ambako mwaka 1940 malisho yalifurikishwa kwa makusudi ili kuzuia uvamizi wa Wajerumani, na ambako tope lililoandaliwa kwa ajili ya adui limebaki likiwaadhibu raia wasio na silaha yoyote isipokuwa darubini.

Mwezi wa Mei, katika majira ya kuchipua, mtazamaji makini hufika saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado na baridi, na mara tu ainuapo darubini machoni, pumzi yake mwenyewe huvifunika vioo kwa ukungu. Akivifuta kwa ncha ya skafu, huwa amevipaka siagi ya mkate alioula njiani. Akikosea hatua moja pembeni mwa njia ya mbao, tope hulishika buti la mpira na kuuachia mguu, naye hulazimika kusimama kwa mguu mmoja, mkao ambao korongo huumudu bila shida, lakini binadamu huumudu kwa muda usiotosha hata kulitaja jina la korongo.

Anayesakwa zaidi ni Botaurus stellaris, ndege wa kahawia wa jamii ya kulasitara, ambaye dume wake hujaza hewa kooni na kutoa mvumo mzito, kama wa mtu apulizaye mdomo wa chupa tupu, unaoweza kusikika umbali wa kilomita 5. Mwaka 1997 madume waliovuma nchini Uingereza walihesabiwa 11 tu, tena kwa masikio, kwa kuwa macho hayafui dafu mbele ya ndege huyu: akihisi hatari huelekeza mdomo juu, michirizi ya shingo yake ikalingana na matete, kisha huyumba pamoja nayo upepo ukipita. Ndiyo maana katika kibanda cha maficho, yaani chumba cha mbao chenye matundu membamba ya kuchungulia, watu wazima wenye akili timamu huweza kulitazama tete moja kwa nusu saa, wakinong'onezana kuhusu rangi ya jicho lake, hadi mwenzao anayemimina chai aseme kwamba ndege amekwisha kuruka nyuma ya migongo yao. Subira huvuta heri, ila methali haikubainisha heri hiyo itapita upande gani wa kibanda.

Hata hivyo, mlalamikaji hana kesi. Mafuriko yaleyale ya vita ndiyo yaliyowarudisha Minsmere, mwaka 1947, ndege weusi kwa weupe wenye midomo iliyopinda kwenda juu, waliokuwa hawajazaliana nchini humo kwa takriban karne moja. Hivyo anayelishitaki tope humshitaki na ndege, na nafuu pekee anayoweza kuiomba ni soksi kavu.