Loki ya Bei Poa

Hongera, shemeji, kwa simu ya bei poa iliyofungwa kwa mtandao mmoja. Aliyenunua iliyo wazi alilipa mara moja, akaenda zake shamba. Wewe umeuza gunia la mpunga, na bado fundi wa stendi ya Ifakara anataka hela ya kutoa loki, kesho ya kuflashi, keshokutwa ya kioo alichokipasua akitoa loki. Ukivuka Mto Kilombero mtandao wako haushiki. Wa jirani unashika, na laini yake unayo mfukoni. Simu haitaki! Usisahau kubonyeza *#06# upate namba ya IMEI ya kuhakiki kama simu ni halali, maana Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki. Masikini, nyingi kati ya hizo feki zilipokea laini yoyote, tena mbili kwa mpigo, na tochi juu.