Sifa za Kadi Isiyosomeka

Kadi yenye chipu hulaumiwa kwa jambo moja: ukiigusisha kwenye mashine isiyo ya kwao, inanyamaza. Wahandisi wanauona huo kuwa ulemavu. Mimi nauona uaminifu, maana mtumishi anayemwitikia kila apitaye si wa kukabidhiwa funguo za nyumba.

Tabia hiyo ina malezi yake. Kadi ya kuchomeka, inayotawaliwa na kiwango cha ISO 7816, ikipata umeme hutoa salamu isiyozidi baiti 33. Baiti ya kwanza inaeleza jinsi ya kuzisoma zinazofuata, kwa sababu wakubwa walioketi kukubaliana juu ya kiwango kimoja walikubaliana pia kwamba biti zaweza kupangwa kwa namna mbili, moja kinyume cha nyingine. Kisha zikaja itifaki: T=0 ya kutuma baiti mojamoja, T=1 ya kutuma kwa mafungu. Ilipofika zamu ya kadi za kugusisha, ISO 14443 ikazaa aina A na aina B. Kwa ukarimu wa namna hii, nani angetoka mkutanoni amenuna? Na uzuri zaidi ni kwamba salamu yenyewe hueleza namna ya kuzungumza na kadi bila kuilazimisha iseme ni nani. Kuna nafasi ya baiti 15 ambamo mtoaji wa kadi hujiandikia mambo yake, na kadi mbili za kazi tofauti kabisa zaweza kusalimu kwa maneno yale yale. Ndiyo maana waandishi wa programu wamejikusanyia orodha ndefu za salamu, wakibahatisha mgeni ni wa ukoo gani. Heshima ya kuulizwa hivyo hata mabalozi hawaipati.

Nairobi ilionja neema hii. Serikali ilitaka nauli za matatu ziache kulipwa taslimu kuanzia Julai 1, 2014. Kadi ya BebaPay ya Google na Benki ya Equity ilikwisha kuingia mjini mwaka uliotangulia. Benki ya KCB ikaleta kadi iitwayo Abiria, na wengine wakaja na zao. Msafiri aliyezoea kuwa na pochi moja tupu sasa aliweza kuwa na kadi kadhaa, kila moja na vijisenti vyake visivyotosha safari. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Watasema walioiua ni makanga na wenye magari waliotaka kushika noti kwa mikono yao, na ni kweli kwamba hawakuipenda. Lakini kama kadi moja ingesomeka katika kila matatu, makanga anayeikataa angeonekana wazi kuwa mkaidi. Kadi zilipokuwa nyingi, alihitaji maneno mawili tu: “Si yetu.” Ukaidi wake ukapata cheti kutoka kwa wataalamu wenyewe. Leo abiria humlipa kwa M-Pesa na kushuka, jambo la kusikitisha kwa yeyote apendaye kubeba plastiki.

Pingamizi zito ni la mashariki ya mbali. Kadi ya Octopus ya Hong Kong, iliyoanza 1997, hulipia treni, basi na hata dukani. Na Japani mwaka 2013 kadi kumi za usafiri za mikoa mbalimbali zilianza kutambuliana, hata kadi ya mji mmoja ikafungua vizuizi vya stesheni za mji mwingine. Je, hilo halithibitishi kwamba maelewano yanawezekana? Linathibitisha, ila mtazame njia waliyopita. Octopus na kadi hizo za Kijapani zilijengwa juu ya teknolojia ya FeliCa ya Sony, ambayo ilipendekezwa kuingia ISO 14443 kama aina C, ikakataliwa. Maskini Wajapani wakabaki kuelewana wenyewe kwa wenyewe, bila msaada wa kiwango kilichotungwa ili watu waelewane.