Namna ya Kufumua Boti ya Faiba Ukiwa Kondoa

Kutengeneza boti Tanga au Bagamoyo hakuna ujanja wowote. Huko hata mtoto wa chekechea anajua omo ni wapi na tezi ni wapi. Ujuzi wenyewe ni kuifumua Kondoa, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mto wa mjini kwa miezi mingi ni barabara ya mchanga na ng'ombe hukatiza bila kulowa kwato. Ikiwa umeshainunua mnadani Dar es Salaam, umeshailipia lori kilomita kama 600, na umeshawatangazia watu kwamba ni ya kutembeza watalii Ziwa Babati, basi maji yameshamwagika. Mwongozo huu ni wako. (Viboko wa Ziwa Babati hawajashirikishwa.)

Siku ya kwanza mzee mmoja atasimama nje ya ua wako na kukukumbusha kwamba Kondoa haijawahi kuona meli. Mwamkie kwa heshima, kisha mjibu kwa historia. Julai 1915 Waingereza waliipiga manowari ya Wajerumani, Königsberg, ndani ya delta ya Rufiji, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, ikazungushwa nchi nzima. Mei 1916, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipotaka kuwafukuza askari wa Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza waliokuwa wameiteka Kondoa-Irangi, mzinga wa meli ulikuwa huku milimani ukitema makombora. Kung'oa vitu vya juu ya sitaha na kuvileta Kondoa, kwa hiyo, ni fani yenye zaidi ya miaka mia moja. Ila Wajerumani walikuwa na wapagazi wa kulazimishwa. Wewe utalipa vibarua, na watataka chai kabla.

Haya, kazini. Boti ya namna hii hutoka kwenye kalibu mbili: tumbo la chini, na sitaha ya juu. Kiwandani sitaha hushushwa juu ya tumbo kama kifuniko cha boksi la viatu, ukingo ukapakwa gundi na kukazwa kwa skrubu au riveti, kisha mshono wote ukafunikwa kwa mpira mrefu unaozunguka ubavu. Mpira huo una kazi mbili: kuikinga boti isichubuke gatini, na kumficha mnunuzi asione kilichofanyika chini yake.

Usiuguse bado. Kwanza itengenezee boti kitanda cha mbao kinachokumbatia tumbo pande zote mbili, maana sitaha ndiyo inayolishikilia umbo. Ukiiondoa, kuta za boti hutanuka taratibu bila kukuaga, na siku ya kurudisha kifuniko utakuta boksi limekuwa la viatu vya mtu mwingine. Kitanda kisawazishe kwa pimamaji, ndiyo maji pekee ambayo boti hii itakutana nayo mwaka huu. Kisha chora mistari kwa kalamu ya wino usiofutika, nusu kwenye sitaha na nusu kwenye tumbo, kuanzia omo hadi tezi, ili kesho ujue nini kilikuwa kinatazamana na nini.

Sasa vua kila kinachounganisha juu na chini: nyaya za taa, kebo za usukani na za gia, mipira ya pampu ya kutolea maji, bomba la kujazia mafuta. Kila waya ufunge kikaratasi chenye namba. Utajiambia kwamba utakumbuka. Kila fundi hujiambia hivyo, ndiyo maana nchi hii ina magari mengi yanayopiga honi yakikata kona.

Mpira wa ubavu ukishatoka, skrubu zitaonekana. Zilizokula chumvi hazitafunguka. Toboa vichwa vyake kwa drili na usitukane, watoto wanasikiliza. Gundi ikate kwa bapa la msumeno wa chuma lililozungushiwa kitambaa upande wa mkono, ukichomeka kabari nyembamba za mbao nyuma yake. Fundi wa magari aliyekuja kutazama atakuletea mtaimbo. Mshukuru, kisha uufiche. Faiba haipindi na kurudi kama bati la mlango wa Land Rover. Hupasuka matabaka ndani kwa ndani, na nje unaona kaufa kadogo tu.

Ndani ya ukingo, boti nyingi huwa pia zimezibwa kwa vipande vya faiba. Hivyo huondoka kwa grenda, na hapa kejeli naiweka pembeni kidogo: vaa kinyago cha kuzuia vumbi, miwani, na mikono mirefu. Vumbi lile haliwashi siku moja. Jioni oga maji ya baridi kwanza, na nguo zako zisifuliwe pamoja na za mtu unayetaka kuendelea kuishi naye.

Ukifika wakati wa kuinua, jenga fremu ya magogo na uning'inize winchi ya mnyororo. Vuta polepole. Sitaha ikinyanyuka omo lakini tezi ikagoma, acha papo hapo: kuna bolti uliyoisahau, na iko chini ya kiti au nyuma ya usukani. Watakuwepo watu wengi. Wachache watavuta, waliobaki watapaza sauti, na mmoja atadai kwamba aliwahi kuishi Mwanza.

Sitaha ikiwa hewani, mara moja kaza mbao za kukingama kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha chungulia ndani. Plaiwudi itakuwa imeoza, na sifongo la kuelea litakuwa limenywa bahari yote ya Msasani. Usikate tamaa, hapa ndipo Kondoa inapowapiga chenga mafundi wote wa pwani: kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hainyeshi, hewa ni kavu, na upepo wa bure hupita kutwa. Sifongo litupe, lakini tumbo la faiba liache wazi likauke mpaka mfupani. Mtu wa Kigamboni angelazimika kulikodia banda.

Shughuli ya kujenga upya usiianze saa saba mchana. Hadina ikizidi kwenye rezini kwa joto lile, kopo litafuka moshi mkononi mwako kabla hujachovya brashi.

Sitaha yenyewe ilaze juu ya mapipa, si chini. Ikikaa chini, kuku watahamia. Na jirani akiomba kuanikia alizeti juu yake, mkubalie, ila aanike upande usio na matundu ya skrubu.